Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: anayeniuzia sumu asiwe mshauri wangu wa pekee

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,

Nakala: Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), na Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Viwanda, Biashara, Kilimo na Mifugo.

Nakuandikia kutoka Ilula, Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Ukiwa kwenye basi la Mbeya, ukishamaliza kona za Kitonga, ndipo pale vijana wanapokimbilia madirishani na ndoo za nyanya. Kiangazi nalima nyanya kwa maji ya mfereji, na wakati wa mvua nalima mahindi kama majirani zangu wote. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima, ndiyo maana kalamu imeniangukia.

Siku hizi hotuba ya kilimo haiishi bila kusemwa kwamba sekta binafsi ishirikishwe katika huduma za ugani, yaani ushauri wa kitaalamu kwa mkulima. Sera ya Taifa ya Kilimo ya mwaka 2013 nayo imelisema. Naomba nikutaarifu, kwa heshima, kwamba huku kwetu ilishaingia siku nyingi, tena bila kusubiri mwaliko. Mkulima wa Ilula akiona jani la nyanya limechorwa michirizi myeupe haendi ofisi ya kata. Analichuma, analikunja kwenye kipande cha gazeti, anakwenda nalo duka la pembejeo. Muuzaji analigeuza mara moja, anasema "kantangaze hiyo", anageukia rafu. Ushauri umeshatolewa hapo, na bei yake imo ndani ya chupa.

Kwa hiyo mjadala wa kama sekta binafsi iingie au isiingie umetupita. Ninachoomba ni kwamba wizara yako iweke mpaka kati ya kushauri na kuuza, na kwamba fedha ya umma ilipie ule ushauri ambao mwisho wake mkulima hanunui kitu. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza niwatendee haki wenye maduka. Duka liko wazi Jumapili. Mwenye duka anapokea simu saa mbili usiku, anakopesha mpaka nyanya zishuke sokoni, na anajua shamba la fulani liko bondeni kwenye ukungu na la fulani liko mlimani. Bwana shamba wa kata yetu ni mtu mzuri na fani yake anaijua, lakini ana vijiji vingi, anajaza takwimu za wizara, anajaza takwimu za halmashauri, anaitwa kwenye chanjo, anaitwa kwenye uandikishaji, anaitwa kwenye ziara ya mgeni. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua pale Dodoma ugawaji wa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo kwa maafisa ugani nchi nzima. Tulifurahi, na pikipiki tuliziona. Baada ya hapo tukaanza kuuliza mafuta yanatoka fungu gani. Pikipiki ililetwa na wizara, afisa ni mwajiriwa wa halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Tangu ugani ushushwe serikali za mitaa mwishoni mwa miaka ya 1990, afisa wetu ana mabosi wawili, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye mwenye bajeti ya petroli.

Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na maafisa ugani waliopo hawafiki hata mmoja kwa kila kijiji. Wazee wetu wanakumbuka azimio lililopitishwa hapa hapa Iringa mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, na bwana shamba wa enzi zile aliyekuwa akikagua hadi nafasi kati ya shina na shina. Sitamani arudi yule wa kufokea watu kwa kupanda vibaya. Ila alikuwa anakuja, na hakuwa na chupa ya kuuza.

Sasa nirudi kwenye kantangaze, maana hapo ndipo utakapoona ninachosema.

Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini. Hapa nchini alianza kusikika karibu mwaka 2014, na ndani ya misimu michache akawa ndiye mwenye shamba. Kiwavi wake anaingia katikati ya jani, anakula nyama na kuacha ngozi mbili nyembamba, ndiyo ile michirizi. Akimaliza majani anaingia kwenye tunda kupitia kikonyo. Kwa kuwa muda mwingi yuko ndani ya jani, sumu ya kugusa haimfikii. Na kwa kuwa anazaliana haraka, ukimpiga kwa sumu ya aina moja mfululizo, wanaobaki ni wale wasiokufa kwa sumu hiyo, na watoto wao wanarithi. Wataalamu wanaita usugu. Sisi tunasema dawa imechoka.

Dawa ikichoka, mkulima anarudi dukani. Anapewa nyingine. Mwezi uliopita nilipanga mezani chupa tatu nilizoziokota kwenye mashamba ya wenzangu, majina matatu ya biashara, rangi tatu, picha tatu za nyanya nyekundu inayong'aa. Nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo chini ya jina. Zote tatu kiini chake kilikuwa emamektini. Wenye mashamba hayo walikuwa wakiamini wanabadilisha dawa, na walikuwa wamechanganya mbili kati ya hizo kwenye bomba moja la lita 16, vifuniko viwili vya hii na viwili vya ile, ili "ishike vizuri". Walilipa mara mbili kwa sumu ileile na wakampa mdudu mazoezi ya kuizoea.

Muuzaji hakudanganya. Inawezekana naye hakujua. Lakini tujiulize: angejua, angesema? Ushauri sahihi kwa shamba lile ulikuwa huu: ng'oa mashina yaliyoharibika uyafukie, tundika mitego ya harufu kuona kama wadudu ni wengi kweli, subiri, na ukilazimika kupiga, chukua sumu ya kundi tofauti, inayoua kwa njia nyingine, kwa namba iliyo kwenye lebo. Na msimu ujao usirudishe nyanya hapo wala mbilingani wala viazi mviringo, kwa sababu huyo mdudu anakula ukoo mzima. Hesabu mwenyewe, Mheshimiwa, ni chupa ngapi zimeuzwa katika maelezo hayo. Pengine moja, pengine hakuna. Ukimwomba mtu anayeishi kwa kuuza chupa akupe maelezo ya namna hiyo kila siku, kwa hiari yake, unamwomba afunge duka. Hospitalini mnakataza daktari kulipwa kwa idadi ya vidonge anavyoandika, na kila mtu anaelewa sababu.

Kuna jambo jingine kwenye chupa hizo hizo. Lebo ina utepe wa rangi unaoonyesha ukali: nyekundu ndiyo kali kupita zote, kisha njano, bluu, kijani. Ina pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyanya ikianza kuiva kwa wingi huwa tunachuma mara mbili kwa wiki. Ukipewa dukani sumu ya kusubiri siku 14 wakati tenga zako zinaondoka Alhamisi, hutasubiri. Na nyanya hizo zinakwenda Dar es Salaam kuliwa kwenye kachumbari, mbichi. Kwa hiyo hili si suala letu wakulima peke yetu.

Upo ushauri mwingi wa aina hii ambao hauna mwenye kuuleta kwa faida. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe. Kinga yake ni maneno: usianike mahindi juu ya udongo, usiyaingize ghalani kabla hayajakauka, chambua yenye ukungu uyatupe, usimpe ng'ombe wala kuku. Nani atalipa mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kusema hayo? Labda muuza turubai. Viwavijeshi vamizi walipoingia mwaka 2017 maduka yalijaa dawa zao ndani ya wiki chache, na sikatai kwamba nyingine zilisaidia. Lakini kilimo cha sukuma-vuta, kilichotengenezwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kenya, ambapo unapanda desmodiamu katikati ya mahindi ifukuze wadudu na majani ya malisho pembezoni yawavute, na palepale kikapunguza gugu la kiduha, hicho huku kwetu wengi hawajawahi kukisikia. Desmodiamu ukishaipanda inakaa miaka. Hairudishi mteja dukani.

Udongo nao uko hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya nyanda hizi za juu udongo wake una tindikali. Mkulima anaweka mifuko ya mbolea kila mwaka na mavuno yanashuka, kumbe shamba lilikuwa linadai chokaa, au mbolea ya fosfeti ya Minjingu ambayo hufanya kazi vizuri kwenye udongo wa namna hiyo. Bila kupima hakuna anayejua. Tangu ruzuku ya mwaka 2022, DAP ilipotushukia mpaka shilingi 70,000 kwa mfuko, tumenunua mbolea kwa wingi kuliko zamani, na tunashukuru. Ila serikali imelipia mfuko na haikulipia kipimo kinachosema mfuko gani. Vipima udongo vilivyogawiwa na wizara ningependa kujua vimepima mashamba mangapi katika kila kata. Namba hiyo ipo mahali fulani, itoeni hadharani.

Nisije nikaonekana naichukia sekta binafsi, niseme mahali ilipofanya vizuri.

Nenda Urambo au Kaliua uone mkulima wa tumbaku. Mtaalamu wa kampuni anamfikia shambani kuanzia kitaluni mpaka kwenye bani la kukaushia. Anakuja kwa sababu kampuni imeshamkopesha mkulima pembejeo kupitia chama cha msingi na fedha yake itarudi kwa tumbaku tu. Shamba likifa, na deni limekufa. Huo ni uangalizi wa kweli, na hakuna bwana shamba wa serikali aliyewahi kuufikia. Lakini mtaalamu huyo huyo akipita kwenye mahindi ya mkulima huyo huyo, yale yatakayolisha watoto, hasimami. Hajatumwa. Na pembejeo anazosema ziwekwe ndizo zinazoandikwa kwenye deni, na wakulima wa kule wanajua jinsi deni la mwanachama mmoja lilivyoweza kukata malipo ya wenzake. Kwa hiyo uangalizi upo ila una mipaka ya zao na mipaka ya daftari la mkopo, na anayeuandikia sera aijue mipaka hiyo kabla hajasema mfano wa tumbaku uenezwe nchi nzima. Mihogo haina kampuni. Uwele hauna. Mtama ulikuwa hauna, ukapata wanunuzi wa viwanda vya bia katika baadhi ya maeneo, na hapo hapo wataalamu wakaonekana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kahawa. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa nchini, ilianza mwaka 2001 ikiongozwa na wadau wa kahawa wenyewe, na sehemu ya fedha zake ilitokana na makato kwenye kahawa inayouzwa. Wanaolipa ni walewale wanaonufaika, kupitia zao lao, na mtafiti haishi kwa kuuza chupa. Angalia basi alichotoka nacho: miche chotara inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, ambayo mkulima akiipanda anapunguza sana kupiga dawa za ukungu. Muuza dawa za ukungu asingeweza kuzaa mche ule hata angeishi miaka mia. Jirani zetu Kenya nako, wakulima wadogo wa chai chini ya shirika lao la KTDA wanamiliki viwanda vyao na wanalipia ugani wao kutoka kwenye majani yao. Hiyo yote ni sekta binafsi pia, Mheshimiwa. Mkulima ni sekta binafsi, ila kwenye mikutano ya "wadau" hukaa kiti cha nyuma kana kwamba ni mwananchi aliyekuja kusikiliza.

Uganda walijaribu njia nyingine, na naomba wataalamu wako waisome kwa makini kwa sababu kuna watu wataileta mezani kwako kama jambo jipya. Kwa sheria ya mwaka 2001 walianzisha NAADS, mpango wa taifa wa ushauri wa kilimo. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Wakulima wakae kwenye vikundi, vikundi vichague mradi wanaoutaka, fedha ya umma iajiri mtoa huduma binafsi kwa mkataba, na wakulima wenyewe wawe na sauti katika kumpima. Maafisa wa serikali wa mtindo wa zamani wakaanza kupunguzwa. Kilichotokea ni kwamba mikataba ilikuwa mifupi, mtaalamu anaondoka kabla zao halijakomaa. Wakulima wakafundishwa vitu wasivyoweza kununua, wakalalamika, na mradi ukageuzwa taratibu kuwa wa kugawa pembejeo. Vikianza kugawiwa vitu siasa haiwi mbali. Rais Museveni aliusimamisha kwa muda mwaka 2007. Kufikia 2014 kazi ya kugawa miche na mbegu ilikuwa imekabidhiwa maofisa wa jeshi katika Operation Wealth Creation, na serikali ikaanza upya kuajiri maafisa ugani chini ya wizara. Zaidi ya miaka kumi, wakarudi walipokuwa wamebomoa.

Ninachokiona mimi katika habari ya Uganda ni kwamba kumpa mkulima haki ya kuchagua hakukuwa kosa. Walichokosa ni uvumilivu wa mkataba na ukuta wa kuzuia ushauri usigeuke ugawaji. Ushauri unahitaji mtu yule yule aone shamba lile lile likifeli, arudi, aone likipona. Mkataba wa miezi haununui kitu hicho.

Na kutenganisha ushauri na mauzo si ndoto ya mkulima wa Ilula. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018, na kuanzia Januari 2021 kampuni inayouza viuatilifu ikakatazwa kuwa ndiyo inayomshauri mkulima kuvitumia. Ilileta ugomvi mkubwa, wauzaji wakasema wakulima wataachwa bila mshauri, na mwaka 2025 wakailegeza. Somo lake ni kwamba ukijenga ukuta bila kwanza kuweka mshauri upande wa pili, ukuta hausimami. Kwetu mshauri wa upande wa pili ndiye huyo bwana shamba asiye na petroli. Kwa hiyo siombi ukuta kamili kesho asubuhi. Nitaomba vitu ambavyo vinawezekana.

Tuanze dukani. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) ndiyo inayosajili viuatilifu na kutoa vibali kwa wanaoviuza. Masharti ya kibali yaongezwe: kila anayeuza sumu kwa kushauri, aandike. Karatasi ndogo yenye nakala, iandikwe tatizo alilolitambua, jina la kiini cha sumu wala si jina la biashara peke yake, namba ya kundi lake, kipimo kwa bomba la lita 16, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Karatasi hiyo ibaki kwa mkulima. Ikitokea shamba limeungua au mnunuzi amekataa mzigo, kuna pa kuanzia. Leo hii hakuna. Nina jirani ambaye miche yake iliungua yote wiki moja kabla ya maua, na aliyemuuzia alipoulizwa alisema "mimi sikukwambia hivyo". Ikaishia hapo, maneno kwa maneno.

Halafu anayejiita mshauri aandikishwe. Daktari wa mifugo ana Baraza la Veterinari linalomsajili na linaloweza kumfutia usajili. Anayempa mkulima maelekezo ya sumu inayoingia kwenye chakula cha watu wa Dar es Salaam tunamtambua kwa fulana aliyovaa. Awe na kitambulisho kinachosema ameajiriwa na nani, na kama analipwa kwa kamisheni ya mauzo isemwe palepale. Kamisheni yenyewe siikatazi. Nataka niijue kabla sijamwamini, kama ninavyojua dalali ni dalali.

Kuhusu mashamba ya mfano ya kampuni za mbegu na mbolea, hapa nitachukua nafasi kidogo kwa sababu yananikera na yananivutia kwa pamoja. Siku ya mkulima kwenye shamba la mfano ni sherehe. Turubai, soda, kofia, muziki, na mahindi yaliyosimama kama askari. Gunzi linamenywa mbele ya watu, punje mpaka ncha. Kila mtu anapiga makofi, na ni kweli mbegu ni nzuri. Ila ukiuliza shamba lile limekula mifuko mingapi ya mbolea, limepaliliwa mara ngapi na vibarua walilipwa kiasi gani, unajibiwa "tutaongea pembeni". Hakuna mstari wa mbegu tunayopanda sisi uliopandwa kando kwa matunzo yaleyale ili tulinganishe. Na ile mistari iliyofeli kule chini kwenye maji hatupelekwi kuiona. Kampuni ina haki ya kujitangaza. Lakini kama halmashauri imewaita wakulima na afisa ugani amehudhuria kwa sare ya serikali, basi hilo si tangazo tena, ni darasa, na darasa liwe na masharti: mstari wa mbegu ya TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, au ya mkulima uwepo, gharama zote zibandikwe ubaoni, na matokeo ya mavuno yatumwe kata hata kama yameaibisha.

Siku hiyo hiyo ya sherehe kuna daftari la mahudhurio. Jina, kijiji, ekari, namba ya simu. Baada ya wiki ujumbe unaanza kuingia, mara ofa ya mbegu, mara mkopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Afisa ugani anayesaidia kukusanya namba hizo aambiwe na mwajiri wake kwamba inamhusu na yeye.

Pale ambapo halmashauri itaona inafaa kuajiri mtoa huduma binafsi, iajiri. Wapo vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) na vyuo vya kilimo wamekaa nyumbani, wengine wako kwenye bodaboda. Wajiunge, wafanye kampuni, wapewe kata. Masharti yangu ni matatu. Mkataba usipungue misimu mitatu ya zao lenyewe. Na kampuni hiyo isiuze pembejeo ndani ya kata inayoihudumia, wala isipokee kamisheni kwa mlango wa nyuma. Malipo ya mwisho wa msimu yasainiwe na vikundi vya wakulima vilivyohudumiwa kabla ya mweka hazina kulipa. Najua saini zinanunulika. Lakini saini ya kikundi cha watu 25 ni ghali kidogo kuliko ya mtu mmoja.

Fedha itoke wapi? Kila tenga la nyanya na kila gunia la mahindi linalotoka hapa linapita kwenye kizuizi cha ushuru. Mwaka 2017 serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, jambo jema. Kilichobaki kinaingia halmashauri na huko kinafanya kazi zake nyingine, posho na vikao vikiwemo. Sheria inailazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo tunajua fungu linaweza kutengwa kwa sheria pakiwa na nia. Litengwe fungu la ugani kutoka kwenye ushuru wa mazao, lisomwe kwenye mkutano wa kijiji kila robo mwaka, na kifungu chake cha kwanza kiwe mafuta ya pikipiki ile ya 2022. Sijasema asilimia ngapi kwa makusudi. Mnaojua hesabu za halmashauri ni nyinyi. Ila ikiwa sifuri tutaitambua.

Na kuna mahali ambapo naomba msije mkajidanganya kwamba sekta binafsi itafika. Mashamba ya mihogo, vijiji ambavyo mvua ikinyesha hata Noah haiingii, mama anayelima robo eka ya maharage na viazi vitamu kwa ajili ya nyumba yake. Huyo hana cha kumvutia muuzaji yeyote. Akilipata jani lake lenye ugonjwa hana hata nauli ya kulipeleka dukani. Bwana shamba wa serikali apangwe kwanza huko, na sisi wa barabarani ambao kampuni zinatugombania tuwe wa mwisho kwenye orodha yake. Wenzangu wa Ilula wakisoma sentensi hii watanisema, na waniseme.

Maandalizi ya bajeti ya halmashauri hufanyika mapema kabla ya bajeti yako kusomwa bungeni. Ili fungu la ugani liingie, mwongozo wa pamoja wa wizara yako na TAMISEMI unatakiwa uwafikie wakurugenzi kabla hawajafunga hesabu. Kikundi chetu kiko tayari kata yetu iwe ya majaribio ya ile karatasi ya ushauri dukani. Wenye maduka wawili tumeshazungumza nao. Mmoja amekubali, mwingine amesema atakubali siku wote watakapolazimishwa, na jibu lake ndilo sababu ya barua hii kuja kwako wala isiishie kwa mtendaji wa kata.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi cha wakulima wa nyanya na mahindi,
Ilula, Wilaya ya Kilolo, Iringa